Gundi ndiyo inayopasuka: mirija ya nano kwenye baiskeli ya kaboni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Isevya, hapa Tabora, aliniletea usukani wa kaboni wa baiskeli ya mashindano aliyoinunua mtumba. Alikuwa ameanguka nayo njia ya Sikonge. "Shikamoo kaka. Huu si mkwaruzo wa rangi tu?"

Nikachukua sarafu ya shilingi 200, nikaugonga taratibu kuanzia kwenye mshiko. Ti, ti, ti. Nilipokaribia pale katikati unapobanwa, sauti ikabadilika: pu, pu, kama unagonga kadibodi. Nikamwambia asiutumie tena. Ndani matabaka yalikuwa yameachana.

Kazi yangu ni vifaa vya namna hii, na naona watu wanazisifu nyuzi wakaisahau gundi. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikromita 7 hivi, yaani unywele unauzidi kama mara kumi, na ukilinganisha uzito kwa uzito unahimili kuvutwa kuliko chuma. Lakini nyuzi hulazwa tabaka juu ya tabaka, na kinachozishikamanisha ni gundi ya epoksi. Epoksi ikishakauka ni ngumu ila haivumilii kishindo. Ufa hupita katikati ya matabaka, mahali ambapo hakuna uzi wa kuuzuia. Fremu ya chuma ya wabeba asali ikizidiwa hupinda kwanza, ikakuonya. Kaboni huficha.

Bibi yangu kule Uyui alipokandika nyumba, alikatakata nyasi akazikanyaga pamoja na udongo. Ukuta ukianza kupasuka, nyasi zinashika huku na huku. Mirija ya nano ya kaboni ndiyo nyasi za epoksi. Kila mrija ni atomi za kaboni zilizojiviringisha kama mkeka, upana wake nanomita chache hadi makumi kadhaa (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Sumio Iijima wa Japani aliielezea mwaka 1991. Ufa unapofunguka unaikuta mirija imelala kwa kuuvuka. Ili upite, lazima uikate au uichomoe, na kila mrija unaochomoka unaupunguzia nguvu.

Shida ni kuchanganya, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mirija hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe. Ukiimwaga tu ndani ya gundi unapata mabonge, kama ugali uliosongwa vibaya, na bonge ambalo gundi haikupenya ndani yake ndilo linaloanzisha ufa. Umeweka dawa, imekuwa sumu! Kwa hiyo mirija hutibiwa kwa kemikali ili uso wake uipokee epoksi, kisha hutawanywa kwa mawimbi ya sauti au hupitishwa kwenye roli tatu zinazosagana. Kiasi kinachotumika mara nyingi hakifiki asilimia 1 ya uzito wa gundi. Ukizidisha, gundi inakuwa nzito kama asali ya asubuhi ya Juni, haiingii tena kati ya nyuzi.

Teknolojia hii si ngeni barabarani. Mwaka 2005 timu ya baiskeli ya Phonak ilikimbia Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kwa fremu za kampuni ya BMC zenye mirija hiyo, kila fremu ikiwa chini ya kilo moja. Hata hivyo, neno "nano" lililobandikwa kwenye fremu lisikutie kiburi. Matabaka yakilazwa vibaya au yakikaushwa bila mgandamizo wa kutosha, mirija haitaokoa kitu.

Na mafundi wenzangu, tafadhali, msipige msasa vifaa hivi vikavu bila barakoa. Mwaka 2014 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aina mojawapo ya mirija hii kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Yule kijana tumemfungia usukani wa alumini. Ule wa kaboni nimeukata kwa msumeno huku naumwagia maji, na kipande kipo mezani kwangu. Ufa ni mweusi juu ya weusi. Sharti ukiinamishe kuelekea dirishani ndipo uuone, umezunguka karibu nusu ya bomba.