Homa ya mtoto na zahanati ya kijiji: maswali tunayoulizwa

Mtoto amechemka usiku. Ndani kuna vidonge vya mseto, dawa ya malaria, alivyobakiza kaka yake. Nimpe?

Usimpe, mama. Dozi hufuata uzito wa mtoto, na hujui bado kama ni malaria. Nimonia nayo huleta homa. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe, kukicha mlete. Kipimo ni tone la damu la kidoleni kwenye kikadi cha plastiki, halafu tunasubiri dakika 15 hadi 20. Ukitokea mstari mmoja penye herufi C, malaria haikuonekana, tunatafuta kingine. Ikitokea miwili, anaanza dawa papo hapo.

Lakini usingoje kukuche akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akilegea haamki, au akishikwa na degedege. Hapo gonga mlango wa jirani mwenye bodaboda.

Degedege si mambo ya mganga wa kienyeji?

Naijua hofu hiyo, maana macho yanapopinduka mzazi huona mwanawe anachukuliwa. Malaria kali huleta degedege, na kila saa inayopita inamuumiza ubongo. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, njoo.

Siku ya pili alikuwa anacheza, nikaacha dawa.

Ndivyo vidonge vinavyobaki juu ya kabati, na wadudu nao wanabaki kwenye damu. Mseto ni dozi 6 kwa siku 3: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mpe akishakula au kunyonya. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi hiyo irudiwe.

Si bora niende moja kwa moja hospitali ya wilaya?

Malaria isiyo kali, kuhara, chanjo na kliniki ya wajawazito vinamalizikia hapa. Akizidiwa tunaandika rufaa, na tunaweza kumwanzishia dawa ya malaria kali kabla gari halijaondoka. Ukiipita zahanati, mtoto anasafiri bila dawa hiyo.

Na nikiambiwa dawa zimeisha?

Inauma, hasa ukiwa umetembea tangu alfajiri. Hata hivyo mpimishe, uandikiwe dawa na dozi kwenye karatasi. Kisha mwambie mjumbe wa kamati ya zahanati siku hiyohiyo. Kwa sera ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kuuliza dawa iko wapi ni haki yako.