Hematiti ya kupasulia maji: pima kwanza, ndipo upake kichocheo

Mabati ya nyumba za Shangani na Mikindani, huku Mtwara, hayadumu, kwa kuwa upepo wa bahari huleta chumvi na chumvi huharakisha kutu. Kutu ya aina hiyo ikichomwa kwenye tanuri mpaka maji yote yaliyomo yatoke, inageuka hematiti, oksidi nyekundu ya chuma ambayo ni semikondakta, yaani hupitisha umeme kwa kiasi tu. Hematiti hunyonya mwanga wa jua na kuusaidia umeme kupasua maji yawe haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni nyingi inayotumika duniani leo hutolewa kwenye gesi asilia, kama hii ya Mnazi Bay na Songo Songo, na kila kilo moja huacha kilo 9 au zaidi za hewa ukaa. Ndiyo sababu njia ya jua inafaa kufundishwa huku kwetu, na kufundishwa kwa usahihi.

Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kazi hii kwa oksidi ya titani. Shida ya titani ni kwamba inanyonya urujuanimno tu, sehemu ndogo sana ya jua. Hematiti inanyonya pia mwanga unaoonekana, na kwa hesabu ingeweza kutoa mkondo wa umeme wa miliampia 12.6 kwa kila sentimita mraba. Haifiki huko. Mwanga ukiipiga, elektroni huruka na kuacha tundu nyuma yake. Tundu hilo ndilo linalotakiwa kufika kwenye maji, lakini ndani ya hematiti husafiri nanomita 2 hadi 4 tu kabla ya kumezwa na elektroni nyingine. Hata matundu yaliyofika usoni mwa hematiti hayajapona: molekuli moja ya oksijeni inadai matundu manne, na wakati yanasubiriana, elektroni hurudi na kuyafuta.

Kichocheo, yaani kitu kinachopakwa juu ya hematiti ili kuharakisha kazi hiyo, hapa kobalti, kinatibu hiyo hasara ya pili, ya usoni, peke yake. Hakiongezi mwanga, wala hakiyaokoi matundu yaliyopotelea ndani. Vilevile hakiondoi haja ya volti za nje, ambazo hematiti huzihitaji daima kwa sababu elektroni zake hazina nguvu ya kutosha kutoa haidrojeni zenyewe. Wengi hupaka kobalti kwa haraka, mkondo usipopanda wanailaumu kobalti, kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya tabaka la hematiti.

Kutengeneza tabaka si kazi ngumu. Kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yeyusha gramu 4 za kloridi ya chuma (III) yenye maji ya fuwele na gramu 8.5 za nitrati ya sodiamu, kisha punguza pH hadi 1.5 kwa asidi ya haidrokloriki. Simamisha humo kioo cha maabara chenye tabaka la oksidi ya bati linalopitisha umeme, funika, acha kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa 6. Kioo kinatoka na utando wa njano. Kisuuze, kichome nyuzi 550 kwa saa 2, halafu nyuzi 800 kwa dakika 10, kikiwa kimelala juu ya kigae cha kauri maana kwenye joto hilo kioo hulainika na kupinda. Njano inageuka nyekundu ya udongo wa Newala. Ule uchomaji mfupi wa nyuzi 800 usirukwe: ndio unaopenyeza bati kidogo ndani ya hematiti, na bila hiyo mkondo huwa hafifu mno.

Sasa pima. Tumia kostiki soda ya moli 1 kwa lita, yaani gramu 40 kwa lita, ile ile ya watengeneza sabuni ila iwe safi ya maabara. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, na vaa miwani. Rekodi mkondo kwenye mwanga na gizani huku ukipandisha volti polepole. Kisha changanya mililita 95 za soda hiyo na mililita 5 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, pima tena. Peroksaidi hupokea tundu upesi sana, hivyo karibu kila tundu linalofika usoni linahesabika. Mkondo ukipanda sana, hasara iko usoni na kichocheo kitafaa. Usipopanda, rudi kwenye tanuri. Jaribio hili lifanyike kabla ya kupaka, kwa sababu kobalti huvunja peroksaidi yenyewe, na mapovu hayo yatakudanganya.

Kwa kupaka, yeyusha gramu 0.15 za nitrati ya kobalti katika lita moja ya bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike) ya fosfeti ya potasiamu, moli 0.1 kwa lita, pH 7. Kichocheo hiki kilielezwa na Kanan na Nocera mwaka 2008. Kipake kwa kuzamisha kioo humo kwenye mwanga, kwa volti ndogo, ili kobalti itue pale matundu yanapotokea. Ukipaka gizani kwa volti kubwa, inatua kwenye nyufa na kioo kilicho wazi, na elektroni hupata njia ya mkato ya kurudia. Kingo zizibwe kwa gundi ya epoksi kabla. Simama mapema: rangi ikianza kuonekana kahawia kwa macho, umeshazidisha, na tabaka nene huzuia mwanga na kuchelewesha matundu. Mabaki ya kobalti ni sumu. Yakusanywe chupani, yasimwagwe karibu na kisima.

Kuthibitisha, ziba na kuachia mwanga kwa kadibodi. Kabla ya kichocheo, kila mwanga unapowaka grafu huchoma juu kama mwiba kisha hushuka, dalili ya matundu yaliyorundikana. Baada ya kupaka vizuri, mwiba hupungua na mkondo huanza kwenye volti ndogo zaidi.

Maji ya bahari yaacheni kwa sasa. Kloridi hugeuka klorini upande wa oksijeni, na namba zako hazitakuwa za kupasua maji.

Mwisho kusanya gesi, kwani mkondo peke yake hauthibitishi kitu. Miliampia 1 kwa saa nzima hutoa takribani mililita 0.45 za haidrojeni. Ukipata nusu yake, kagua mipira inayovuja, kisha kagua kama gesi mbili zinakutana. Mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche ndogo.