Uvimbe wa homoni kwa kongosho: panya wanaingiaje hapo?

Swali: Daktari, mama mkwe wangu huku Kondele akiamka kabla anywe chai anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu haviskiki, ukimpa soda dakika chache tu yuko sawa. Malaria tumetibu mpaka tumechoka. Sasa wanasema ati ni uvimbe kwa kongosho?

Jibu: Inawezekana. Kama mashine ya sukari iko karibu mpime hapo hapo jasho likimtoka, kama haiko usingoje, mpe soda. Ikisoma chini ya 3 (mmol/L) na hamezi dawa za kisukari, apelekwe hospitali kubwa apimwe insulini pia. Kuna uvimbe mdogo, nadra sana, unamwaga insulini hata mtu akiwa njaa, na mara nyingi ukitolewa kwa upasuaji anapona kabisa.

Swali: Na dawa za huo uvimbe, ati zilijaribiwa kwa panya?

Jibu: Ndio, kwa uvimbe ambao umeshasambaa. Mwaka 1985 mtafiti Douglas Hanahan alitoa ripoti ya panya waliowekewa jeni ya kirusi inayowaka kwa seli za insulini, wakifika wiki 12 hivi wana uvimbe tayari. Dawa moja, sunitinib, ilijaribiwa kwa hao panya, baadaye kwa watu, na 2011 ikaonekana inazuia ugonjwa kuendelea miezi 11 hivi, wasioipata 5 na nusu. Lakini binadamu haupati juu ya hicho kirusi, so mimi naamini zaidi panya waliopunguziwa jeni ya MEN1, hata kama wanakawia miezi mingi, kwa sababu kasoro ya jeni hiyo ndio hurithiwa kwa familia zingine.

Swali: Hiyo jeni inafanya nini?

Jibu: Inasaidia jeni nyingine iwake, hiyo nyingine ndio inatoa protini ya p27, na p27 ikipungua seli inagawanyika tu kama boda inashuka Riat bila breki. Sasa kuna panya wa aina ile kubwa huko Ujerumani, hupata mtoto wa jicho wakiwa wadogo, jeni yao ya p27 inasomwa vizuri lakini protini inayotoka ni mbovu, seli inaivunja haraka, yaani ukipima usomaji wa jeni peke yake utasema hawana shida na uvimbe wanao! Mwaka 2006 kasoro kwa jeni hiyo hiyo ikapatikana kwa watu, siku hizi ugonjwa huo unaitwa MEN4.

Swali: Basi watoto wetu wapimwe jeni?

Jibu: Si lazima, wengi hawajaurithi. Lakini kama kwa ukoo kuna mtu wa mawe ya figo kila mara, vidonda vya tumbo visivyopona ama uvimbe chini ya ubongo, mwambieni daktari wake mapema.