Kuhamisha nakshi kwenye kitambaa cha kudarizi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kaboni ni kaboni tu." Sivyo. Karatasi ya kunakilia, kaboni nyeusi ya ofisini, ina nta na masizi. Ikigusa bafta, huchafua uzi kila unapopita na kufua hakuitoi. Tafuta kaboni ya mafundi cherehani, ya buluu, njano au nyeupe. Tandaza kitambaa mezani, kaboni uso chini, mchoro juu, bana kwa pini pembeni, kisha fuatisha mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Usiegemeze kiganja, kitaacha madoa.

"Alama ikibaki, ipige pasi." Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kalamu ya buluu inayofutika kwa maji haitaki joto: ukiipiga pasi, mstari unaweza kung'ang'ania moja kwa moja. Loweka kitambaa kizima katika maji baridi bila sabuni mpaka buluu iishe. Kudondoshea maji kidogo hakufai, wino hukimbilia penye ukavu na kujitokeza upya. Pasi ifuate baadaye.

Kalamu ya Pilot FriXion, inayofutika kwa joto, ni kinyume chake. Wino wake hupotea kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na wengi hudhani umetoka. Umejificha tu, baridi ya nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri huweza kuurudisha. Mombasa hutajua, ila foronya ya zawadi ikipelekwa Kanada wakati wa theluji, mistari huenda ikachomoza. Basi chora pale tu ambapo uzi utafunika kabisa.

"Karatasi yoyote iliyochapwa huhamishika kwa pasi." Ya fotokopi au printa ya tona, ndiyo, kwa sababu tona ni unga wenye plastiki unaoyeyuka. Ya printa ya wino wa maji haifai kwa njia hii. Pasi iwe kavu, joto la pamba; kandamiza sekunde 10 hadi 15, inua, hamia pengine. Ukiiburuta, karatasi husogea na ua huwa na kivuli. Mchoro hutokea umegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo jina la bibi harusi ligeuzwe kabla ya kuchapwa. Alama hii usitegemee kuifuta.

"Kitambaa kipya hakifuliwi kwanza." Pamba husinyaa, uzi wa kudarizi hausinyai sawa nayo, na ua zuri hukunjamana katika ufuaji wa kwanza.

"Kitambaa cheusi hakichoreki." Kaboni nyeupe inatosha kwa michoro mikubwa. Kwa nakshi ndogo, chora kwenye karatasi nyembamba sana, ipige bandi (mishono mirefu ya muda) juu ya kitambaa ukifuata mistari, kisha ichane polepole. Au toboa mchoro kwa sindano kila milimita 2, uweke juu ya kitambaa, sugua unga wa chaki kwa pamba, ondoa karatasi kwa kuinyanyua wima, na uunganishe vidoto kwa penseli nyeupe papo hapo, kabla feni haijaupeperusha unga.