Hivi "jisaidie nikusaidie" iko kitabu gani?

Watu wengi wanaamini kabisa kwamba "Mungu humsaidia anayejisaidia" ni andiko, ila ukweli ni kwamba msemo huu haumo kwenye Biblia, tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo hutaupata. Wazo lenyewe liko kwenye hadithi za kale za Wagiriki, na Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa wa Marekani, aliuchapa msemo huu kwenye almanaka yake (kitabu cha kalenda cha mwaka) ya 1736, na huyo hata hakuwa mhubiri.

Kwenye kazi au masomo sawa, hausumbui sana. Shida inakuja mtu anapopambana na dhambi, maana anaanza kujiambia ngoja kwanza niache hii tabia, nijisafishe, nikishakaa vizuri ndo niende kwa Mungu, anaanguka tena, anaona aibu, anaacha na kusali kabisa. Sasa Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa tulipokuwa hatuna nguvu, yaani msaada ulitangulia, hukuusababisha wewe. Pelagio, mwalimu wa dini wa zamani, alifundisha binadamu anaweza kushinda dhambi kwa utashi wake tu, Askofu Agostino akampinga sana, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo.

Lakini msinielewe vibaya, sio kwamba ukae tu. Tito 2:11-12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya, kwa hiyo kufunga, kuungama, kukimbia vishawishi, vyote fanya, ila unavifanya kwa sababu umeshashikwa mkono, sio ili ushikwe. Na ukianguka leo, sali leo leo, usisubiri mpaka ujisikie msafi.