Drafti ya fantasi: hesabu wanaobaki

"Mjomba, nianze na kipa?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Agosti 2023, siku mbili kabla ya Ligi Kuu ya Uingereza kufungua msimu. Fantasi ya kawaida, mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, alikuwa ameicheza misimu mitatu, na kwenye ligi ya wenzake shuleni hakuna aliyemfikia. Sasa alikuwa ameomba nafasi kwenye ligi yetu ya drafti, watu 8 wa Kibokoni, Mombasa, tunaokutana barazani na simu mkononi. Alikuja na orodha ndefu aliyoiandika kwenye daftari la hesabu. Orodha ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya mchezo mwingine.

Ligi hii naisimamia tangu 2018, na kila mwaka mgeni hukwama palepale. Nimeona bora nieleze mara moja, kwa maandishi, yale ninayoyarudia barazani kila Agosti.

Drafti ninayoisema si ile ya vifuniko vya soda na ubao. Ni aina ya fantasi ambayo Ligi Kuu yenyewe iliianzisha msimu wa 2017/18. Kwenye fantasi ya kawaida unapewa pauni milioni 100, unanunua wachezaji 15, na straika kama Haaland anaweza kuwa wako, wangu na wa jirani kwa wakati mmoja. Kwenye drafti hakuna pesa. Mnaingia nyote kwa wakati mmoja, mnachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa ameondoka: hakuna mwingine katika ligi yenu atakayempata mpaka mwenyewe amwache. Nahodha wa kuzidishiwa pointi mara mbili hakuna. Kikosi ni kilekile, makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3.

Zamu huenda na kurudi. Aliyeanza raundi ya kwanza humaliza raundi ya pili, kama mkulima anayefika mwisho wa tuta akageukia la pili palepale aliposimama. Mwaka huo mimi nilipangiwa nafasi ya 6, kwa hiyo nilichagua mchezaji wa 6, wa 11, wa 22, wa 27 na kuendelea. Mpwa wangu alipata nafasi ya 8. Alichukua wa 8 na wa 9 papo kwa papo, kisha akakaa akiwatazama wachezaji 14 wakiondoka kabla zamu yake haijarudi. Ukikaa pembeni hivyo, chagua wawili wawili kwa akili, maana yeyote uliyempenda ukamwacha kwa ajili ya "raundi ijayo" hutamkuta.

Sasa turudi kwa kipa. Chukua kalamu ufanye hesabu hii ya ligi ya watu 8. Kila mtu anahitaji makipa 2, jumla 16. Ligi Kuu ina timu 20, na kila timu ina kipa mmoja anayeanza. Baada ya kila mtu kushiba, makipa 4 wanaoanza kila wiki bado wako mezani, bure. Tena pengo kati yao ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kipa wa timu kubwa anapata pointi 4 kila asipofungwa, ni kweli. Lakini kipa wa timu inayoshambuliwa mfululizo anapata pointi 1 kwa kila mipira 3 anayoiokoa, na mara nyingine huokoa 6 au 7 katika mechi moja. Mwisho wa msimu wanakaribiana. Ukimchukua kipa raundi ya tatu umenunua kitu ambacho raundi ya 13 ungepewa karibu sawa na hicho.

Washambuliaji ni habari nyingine kabisa. Watu 8 mara 3 ni 24. Timu nyingi siku hizi zinaanza na straika mmoja, kwa hiyo wanaoanza kila wiki ni kama 20 hivi, na hata hapo umehesabu kwa ukarimu. Tena baadhi ya wanaocheza mbele uwanjani mchezo unawaandika kuwa viungo. Bryan Mbeumo alifunga mabao 20 akiwa na Brentford msimu wa 2024/25, na kwenye fantasi alikuwa kiungo. Maana yake washambuliaji wa kweli wanaisha kabla ya raundi kuisha. Anayesubiri sana anajikuta akichagua kati ya kijana wa benchi na mtu anayeuguza goti.

Hapo ndipo drafti inapotofautiana na fantasi aliyoizoea mpwa wangu. Usijiulize ni nani atakayepata pointi nyingi. Jiulize: nikimwacha huyu sasa, zamu yangu ikirudi nitampata nani wa nafasi hiyohiyo? Kama jibu ni "mtu wa karibu naye", mwache. Kama jibu ni "hakuna", mchukue hata kama jina lake liko chini kwenye orodha yako. Kwa kila nafasi nina safu yangu ya majina, na nimechora mstari mahali ubora unaposhuka ghafla. Wakati wa kuchagua siangalii kilele cha safu. Naangalia ni majina mangapi yamebaki juu ya mstari, na ni watu wangapi watakaochagua kabla yangu.

Kwa kawaida mimi raundi nne za mwanzo huzigawa kwa viungo wanaofunga na washambuliaji. Kiungo akifunga anapata pointi 5, mshambuliaji 4, na kiungo anaongezewa 1 timu yake isipofungwa. Kwa hiyo winga anayecheza kama straika ni lulu. Mabeki naanza kuwagusa kuanzia raundi ya tano, na nawatafuta wapigaji kona na wale wanaopanda. Tangu msimu wa 2025/26 kuna pointi 2 kwa beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi: kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kukata pasi na kunyang'anya mipira. Hilo limewapandisha thamani mabeki wa kati wa timu za chini, ambao zamani hakuna aliyewatazama mara mbili. Makipa nawaacha mpaka raundi ya 12 au 13. Kama ligi yenu ina watu 10, hesabu inabadilika: makipa 20 kwa timu 20, hakuna anayebaki, na atakayezubaa atacheza msimu mzima na kipa wa akiba.

Nataka kuonyesha mambo kwa karibu, basi nirudi kwenye ile jioni ya Agosti 2023, kwa sababu sijaona drafti nyingine iliyofundisha mengi kwa wiki chache kama ile.

Haaland aliondoka wa kwanza, kama kila mtu alivyotarajia. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 36. Salah wa pili. Wa nne, jamaa mmoja alimchukua Harry Kane, mabao 30 ya msimu uliopita, hesabu safi kabisa. Lakini wiki nzima hiyo habari za Kane kwenda Ujerumani zilikuwa zimejaa kila mahali. Ligi ilianza Ijumaa tarehe 11. Jumamosi tarehe 12 Bayern Munich ikamtangaza. Chaguo la nne la jamaa yetu lilikuwa limevuka mpaka kabla hata halijamchezea dakika moja. Dirisha la usajili la Uingereza hubaki wazi wiki mbili tatu baada ya ligi kuanza, na drafti haikurudishii chaguo lako. Mchezaji anayetajwa kuondoka mshushe raundi mbili au tatu, hata akiwa nani.

Mimi, wa 6, nilimchukua Kevin De Bruyne, kiungo wa Manchester City. Jina kubwa, pasi za mabao, mipira ya adhabu. Ijumaa saa nne usiku kwa saa zetu Manchester City walikuwa Burnley, na dakika ya 23 De Bruyne alitoka ameshika nyuma ya paja. Hakuonekana tena uwanjani mpaka Januari. Naliandika hili kwa sababu dalili zilikuwepo na nilizijua. Tarehe 10 Juni, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul, alitoka kipindi cha kwanza kwa tatizo la msuli huohuo. Miezi miwili tu ilikuwa imepita. Mpwa wangu aliniuliza wakati wa kuchagua, "Mjomba, huyu si aliumia juzi?" Nikamwambia amepona. Tangu siku ile, pembeni ya kila jina kwenye orodha yangu naandika tarehe ya mechi ya mwisho aliyomaliza dakika 90. Chaguo la kwanza halitakiwi kukushindia ligi. Linatakiwa liwepo uwanjani Mei.

Orodha yenyewe iandae mapema na uiweke ndani ya programu, si kwenye daftari tu. Mwaka mmoja stima ilipotea katikati ya drafti, mtandao ukaenda nao, na wawili wetu programu ikawachagulia yenyewe zamu zilipowapita. Yule aliyekuwa ameweka orodha yake ndani alipata watu wake. Mwenzake alirudi hewani akakuta anamiliki makipa wawili kufikia raundi ya tano.

Mabadilishano baina yenu wenyewe yapo, ila mgeni nampa neno moja tu: anayekuletea ofa Jumanne amekwisha kulifikiria jambo tangu Jumapili. Usijibu palepale.

Kilicho muhimu zaidi ni maombi ya kila wiki, na wageni wengi huyapuuza. Wachezaji ambao hawajachukuliwa na mtu hawachotwi hovyo. Unaandika maombi: namtaka huyu, namwacha yule, na wote wawili wawe wa nafasi moja, kiungo kwa kiungo, beki kwa beki. Maombi yote hushughulikiwa kwa pamoja saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupanga kikosi. Aliye mkiani mwa ligi ndiye anayehudumiwa kwanza. Baada ya hapo, waliobaki ni wachezaji huru: anayewahi ndiye anayepata, mpaka muda uishe.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki saa zina maana yake. Muda wa mwisho ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya Jumamosi mchana ya Uingereza huanza saa nane na nusu kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, hivyo mlango hufungwa saa saba mchana. Mwisho wa Oktoba wanaporudisha saa nyuma, inakuwa saa nane. Basi maombi hushughulikiwa Ijumaa saa saba mchana, wakati wengi wetu tuko msikitini. Yaweke Alhamisi usiku. Na ukitoka kwenye swala, kabla hujakaa kula, fungua simu uone nani ameachwa na wenzako. Beki wangu bora wa msimu uliofuata nilimpata hivyo, nikiwa bado natafuta viatu vyangu mlangoni.

Msimu huo wa 2023/24 mpwa wangu alianza vibaya. Kufikia mapumziko ya timu za taifa ya Oktoba alikuwa wa nane kati ya 8, na nilimwona anaanza kukata tamaa. Nikamwambia kuna kitu kimoja tu anachokipata aliye wa nane: zamu ya kwanza ya maombi. Akitumie.

Tarehe 7 Oktoba Chelsea walicheza Burnley. Kwenye mechi ile walipata penalti, na aliyeuchukua mpira alikuwa Cole Palmer, kijana aliyesajiliwa kutoka Manchester City tarehe 1 Septemba, wiki tatu baada ya drafti yetu. Hakuna aliyekuwa naye. Akafunga. Watu barazani walizungumzia ushindi wa 4 kwa 1. Mpwa wangu alizungumzia mpira ulivyoshikwa. Alikumbuka kwamba Agosti, kule West Ham, penalti ya Chelsea aliipiga Enzo Fernández na kipa akaiokoa. "Mjomba, wamebadilisha mpigaji," akasema. "Na huyu ni kiungo. Penalti yake ni pointi 5."

Nami nilikuwa nimeliona hilo. De Bruyne alikuwa bado nje, nafasi ya kiungo ilikuwa inanililia, na jina la Palmer niliandika la kwanza kwenye maombi yangu. Ila nilikuwa wa tatu kwenye msimamo, kwa hiyo watano walikuwa mbele yangu kwenye foleni.

Ijumaa tarehe 20 tulitoka msikitini pamoja. Hakuniambia kitu, alinionyesha simu tu. Kesho yake, Chelsea na Arsenal, dakika ya 15, penalti. Palmer akauweka mpira chini. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 22, kadhaa ya penalti, na pasi 11 za mabao. Mpwa wangu alimaliza wa pili.