Mto wa mlimani: Pangani unavyopata maji na unavyoyamaliza

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi kwenda Moshi, ukishapita Segera na kabla hujaingia Korogwe mjini, gari hupita juu ya daraja la Mto Pangani. Abiria wengi wakati huo wamesinzia, au wanapatana bei ya machungwa dirishani. Anayechungulia chini huona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayokwenda mbio. Saa chache baadaye, ukipita Hedaru, Makanya na Same, nje ni mkonge, miiba na vumbi. Barabara inavuka korongo baada ya korongo, kila moja na daraja lake, na karibu yote hayana hata tone.

Sasa mto mkubwa kama ule unapitaje kwenye nchi kavu namna hii bila kukauka? Jibu lake ndilo maana yenyewe ya mto wa mlimani: ni mto ambao maji yake hayatokani na nchi unayoipita. Huyapata juu, kwenye mlima wenye mvua nyingi, kisha hushuka nayo kwenye nyanda ambazo zenyewe zisingeweza kuulisha. Korongo hutegemea mvua ya papo hapo: ikinyesha linafurika jioni, keshokutwa ni mchanga mtupu. Mto wa mlimani hutegemea mvua ya mbali, tena mara nyingi mvua ya zamani.

Pangani ni mfano mzuri kwa sababu tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Urefu wake ni takriban kilomita 500. Kidakio chake, yaani eneo lote ambalo tone likidondoka na kutiririka litaishia mtoni humo, kina zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na kipande kidogo cha eneo hilo kiko Kenya, upande wa Taveta. Lakini usidhani kila kilomita ya eneo hilo inachangia sawa. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushee, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Same na Mwanga hupata kama 500, na jua huko huzikausha kabla hazijafika mtoni. Kwa hiyo sehemu ndogo ya bonde ndiyo inayolisha bonde zima.

Hapa kuna dhana moja iliyozoeleka ambayo naona ipunguzwe nguvu: kwamba mito ya Kilimanjaro ni theluji inayoyeyuka. Tumeisikia shuleni, tumeiona kwenye kalenda. Kwa kweli kileleni, kwenye mita 5,895, ni pakavu karibu kama jangwa, na sehemu ya barafu ya kule hupotea hewani moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kati ya mwaka 1912 na 2011 mlima ulipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Kama mito ingekuwa inaishi kwa barafu, leo mito kama Weruweru na Kikafu ingekuwa makorongo. Kinachoilisha mito hii ni msitu ulio chini ya kilele. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga mlima hupandishwa juu, hupoa, na kuwa mvua na ukungu. Ukungu nao hunaswa na majani na ndevu za miti, ukadondoka tone tone hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana moto unaoteketeza msitu wa juu ni hasara kubwa kwa mto kuliko barafu inayopungua, ingawa barafu ndiyo inayopigwa picha.

Jambo la pili ni mwamba. Kilimanjaro ni volkano, na miamba ya volkano ina nyufa na vinyweleo. Maji mengi ya mvua hayashuki juu ya ardhi. Huzama, husafiri chini kwa chini muda mrefu, kisha huchomoza chini ya mlima kama chemchemi. Mahali pa kuliona hili ni Chemka, karibu na Rundugai wilayani Hai. Unafika kwa njia ya vumbi, pembeni vichaka vya miiba, mbuzi wamejibanza kivulini, na huamini kama kuna maji. Ghafla mikuyu mikubwa, mizizi imejikunja kama kamba za jahazi, na katikati yake dimbwi la buluu lenye maji maang'avu mpaka unahesabu kokoto za chini. Ukitumbukiza miguu, visamaki vinakuja kuidonoa. Jina linasema chemka, ila maji ni ya uvuguvugu tu. Hayo ni maji ya mlimani yaliyopita mlango wa nyuma, na kutoka hapo yanaingia Mto Kikuletwa. Wakati wa kiangazi, mito ya juu inapopungua, chemchemi kama hizi ndizo zinazoubeba mto.

Kikuletwa ndio mkono wa magharibi wa Pangani. Unakusanya maji ya Mlima Meru pamoja na mito ya kusini mwa Kilimanjaro. Mkono wa mashariki ni Ruvu. Kule Mto Lumi unashuka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na kuingia Ziwa Jipe, ziwa la kina kifupi lililokaa juu ya mpaka wa Tanzania na Kenya, na Ruvu inatoka ziwani humo. (Usiichanganye na Ruvu ya mkoa wa Pwani inayonywesha Dar es Salaam, hiyo inatoka Uluguru, nayo pia ni mto wa mlimani. Majina ya mito yetu ndivyo yalivyo: hata huyu Pangani, wako wanaomwita Ruvu huku chini.) Mikono hii miwili inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na ni baada ya hapo ndipo ramani huandika jina Pangani.

Lakini kabla ya kufika bwawani maji yameshatumiwa sana. Wachagga tangu kale walichimba mifongo: mifereji inayochukua maji juu kabisa kwenye kijito, ikayaongoza kwa mteremko mdogo sana kando ya mgongo wa kilima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Kuchimba mfongo kwa macho na jembe, bila kipimo cha fundi, maji yasirudi nyuma wala yasishuke kwa kasi yakala udongo, ni uhandisi wa hali ya juu. Maji yaligawanywa kwa zamu, na asiyekwenda kusafisha mfereji alijua zamu yake iko mashakani. Upareni wana ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, ili maji ya usiku yasipite bure. Chini zaidi, Arusha Chini, kuna mashamba makubwa ya miwa. Kila ngazi ya mlima ina mkono uliochota.

Na hapa umbo la mto linabadilika. Kutoka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hadi Nyumba ya Mungu, mahali palipo kwenye mwinuko wa karibu mita 690, ni safari isiyofika kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, lakini ni mteremko wa zaidi ya mita 5,000. Baada ya bwawa, mto una mamia ya kilomita za kumalizia hizo 690 zilizobaki. Juu unakimbia, unakata mabonde membamba, unabeba mawe. Chini unazubaa, unajipinda, unaachia tope. Kinamasi cha Kirua kilicho chini ya bwawa kilitokana na tabia hiyo: mto ulikuwa ukivimba wakati wa masika na kusambaa, watu wakivua na kulima maji yakipungua. Bwawa lilipojengwa miaka ya 1960 mafuriko hayo yalidhibitiwa, na kinamasi kikasinyaa. Wavuvi nao wakahamia bwawani kutafuta perege na kambale.

Kuanzia hapo mto unakwenda kusini-mashariki, upande mmoja milima ya Upare na Usambara, upande wa pili nyika ya Wamasai. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka mji wa Pangani kwenda bara ilifuata bonde hili, na ukiiona nyika hiyo huulizi kwa nini. Utepe wa kijani ni mwembamba. Ukitoka nje yake kidogo tu, maji ni hadithi. Mto hapa hauongezeki, unapungua: jua linakunywa, mashamba yanakunywa, mifugo inakunywa. Nafuu inapatikana karibu na Korogwe, mito ya Mkomazi na Luengera inapoleta maji ya Upare na Usambara. Milima hiyo si volkano, ni miamba ya kale sana, lakini kazi yake ni ileile ya kuudaka upepo wa baharini.

Kuhusu umeme nitasema kifupi. Nyumba ya Mungu ina mitambo ya megawati 8, Hale megawati 21 tangu 1964, na kituo cha Pangani mpya megawati 68 tangu 1995. Maji yanayozungusha mitambo ni yaleyale mara tatu, kwa sababu mtambo unayapitisha tu na kuyarudisha mtoni. Shamba haliyarudishi, au linarudisha kidogo. Ugomvi mwingi wa bonde hili unatoka hapo: mkulima wa juu anaona mto umejaa mbele ya mlango wake, na mwendesha mitambo wa Hale anaona kina kinashuka, na wote wawili wanasema kweli. Ofisi ya kusimamia maji ya bonde ilianzishwa 1991, nayo hutoa vibali vya kuchota, kazi ambayo mzee wa mfongo aliifanya kwa kumbukumbu tu.

Baada ya maporomoko ya karibu na Hale mto unatulia, unapita minazi, na kufika mlangoni kwake kati ya mji wa Pangani na Bweni iliyo ng'ambo. Hauna delta ya matawi mengi kama Rufiji; una mlango mmoja mpana, mikoko pembeni, na kivuko kinachovusha watu, baiskeli na magunia. Kinachoamua hapa ni nguvu za pande mbili. Mto ukiwa na maji mengi husukuma chumvi nje. Ukipungua, bahari hupanda bondeni, na wenye mashamba ya kando ya mto huijua chumvi kwa minazi yao kabla ya mtu yeyote kupima. Bamvua, siku bahari inapojaa kupita kawaida, ndiyo kali zaidi. Wakati wa maji mafu, siku inapojaa kidogo tu, bahari haijisumbui sana.

Simama kivukoni maji yakiwa yanajaa. Utaona magugu yaliyong'olewa huko juu, yameteremka siku nyingi, yakifika karibu na Bweni yanasita, yanazunguka mahali pamoja, kisha polepole yanaanza kurudi yalikotoka. Wenye mitumbwi wanaopanda mtoni husubiri saa hiyo.